Bibi Kapata Mgeni wa Usiku

Kuna riwaya inayopaswa kufichwa mbali na watoto wenye miaka 45. Ni Our Souls at Night ya Mmarekani Kent Haruf, iliyotoka 2015, yeye akiwa amekwisha kufariki. Addie, mjane wa miaka 70 hivi, anamwendea jirani yake mgane, Louis, na kumwomba awe anakuja kulala kwake. Tulieni: wapige soga tu gizani mpaka usingizi uwachukue. Louis anatia nguo za kulalia na mswaki kwenye mfuko wa karatasi, ananyatia mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Bibi anamwambia apite mbele.

Basi Holt, kimji cha kubuni cha Colorado, kinapata kazi ya kufanya: kusengenya. Na nani anakuja kumfunza mama adabu? Gene, mwanawe, ambaye ndoa yake mwenyewe imemshinda!

Nilikisoma kitabu hiki nikitabasamu peke yangu. Enyi mnaowapigia wazazi simu kuuliza dawa tu, hakifiki kurasa 200. Kisomeni, kisha bisheni hodi kabla ya kuingia.