Murara Imehamia Sahara

Vijana wa pikipiki wa pale njiani hawaniiti tena kwa jina langu. Wananiita Algeria. "Algeria, tukupeleke?" Leo asubuhi mmoja wao, ambaye hata kwenye mkutano hakuwepo, amenitajia nauli, kisha akaongeza kwamba visa ni juu yangu.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa restitisyo, yaani ule ambao watu huitwa ili warudishiwe, kwa rangi na kwa projekta, yale waliyotuambia wenyewe. Tulikuwa tumepita nyumba kwa nyumba katika kartie ya Murara, mjini Goma, tukiwa na simu mkononi, tukiuliza habari za maji: mnachota wapi, bidoni moja ni bei gani, nani anakwenda kuchota, anarudi saa ngapi. Kila nyumba tuliipiga alama ya GPS. Siku ya kuonyesha ramani tuliazima ukumbi wa kanisa, jenereta ikawekwa nje ikinguruma, na kwenye viti vya mbele wakakaa shefu wa kartie na suti yake, mashefu wa nyumba kumi, akina mama wa kamati ya maji, na mkubwa wangu wa kazi na fulana yake ya mifuko mingi.

Ramani za kompyuta zina tabia moja: ukizipa alama, zinakimbilia zenyewe mahali alama ziliko. Na koneksiyo siku hiyo ilikuwa inakokota. Kwa hiyo kitu cha kwanza kufika ukutani kilikuwa mraba mmoja wa rangi ya kahawia. Ukafuata mwingine. Ukumbi ukatulia. Mzee mmoja wa mbele akamwambia jirani yake, "Hii ni lava ya 2002." Alikuwa na haki zote za kusema hivyo. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka mpaka katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege, na mpaka leo nyumba zetu za mbao zimesimama juu ya mawe yale meusi na kuzungushiwa kuta za mawe hayo hayo. Mtu wa Goma ukimwonyesha ardhi isiyo na kitu, haulizi sana imetokea nini.

Majina yakaanza kuingia. Kwa Kiarabu.

"Avenue yetu walibadilisha jina lini?" akauliza mama mmoja wa kamati.

Shefu wa kartie alivaa miwani, akainuka, akausogelea ukuta mpaka mchanga wote ukamwangukia kwenye suti, akaanza kuitafuta ofisi yake kwa kidole. Aliitafuta kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini. Mwisho likatokea jina moja kwa herufi za kusomeka: Kerzaz. Ni mji mdogo wa Algeria, magharibi, jangwani. Nyumba zote tulizozitembelea, zile za kuta za mawe, zile za mabati yenye kutu, na ile ya mama aliyenipa chai, zilikuwa zimepangwa vizuri mchangani si mbali na hapo. Mkubwa wangu akasema kwa sauti ya kutuliza watu kwamba ni shida ndogo ya kiufundi.

"Ndogo?" akasema shefu. "Na tumetoka inchi?"

Kisha, kwa upole ulioniumiza kuliko kicheko cha ukumbi mzima, akaniuliza mimi, si mkubwa wangu: "Na huko maji iko?"

Nilikesha nikitafuta Murara imepita njia gani kufika Sahara, na nakiri kwamba kufikia usiku wa manane hasira ilikuwa imenitoka, nimebaki na mshangao. Murara iko kama nyuzi 1.67 kusini mwa ikweta na 29.23 mashariki ya mstari wa Greenwich. Namba mbili tu, kila mahali duniani. Fomu yetu ya simuni inaandika ya kusini na kaskazini kwanza, ya mashariki na magharibi inafuata, halafu mwinuko, halafu mita ambazo simu inahofia imekosea. Ndivyo mabaharia walivyosema tangu zamani, ndivyo shuleni tulivyofundishwa. Lakini kuna aina nyingine ya faili za ramani, yenye kanuni yake iliyochapishwa rasmi mwaka 2016, inayoamuru kinyume: ya mashariki na magharibi ndiyo itangulie, kwa sababu watu wa hesabu huanza na mstari wa kulala kabla ya ule wa kusimama. Kila upande una hoja. Sasa kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -1.67. Geuza namba hizo, na 29.23 inakuwa kaskazini, -1.67 inakuwa magharibi. Umefika Algeria bila kupita mpaka hata mmoja. Hakuna mashine iliyokosea. Kila moja ilitii sheria ya kwao, na sheria zao hazikuwahi kukaa meza moja.

Na tulibahatika, maana kuna safari mbaya zaidi. Ukiacha namba zikae mahali pake lakini kile kistari cha kutoa kikadondoka, mtu akiwa anasafisha faili kwa mfano, Murara inaruka ikweta na kutua katika msitu wa Ituri, kaskazini ya Mambasa, tukawa majirani wa okapi. Na ikiwa kompyuta haikuzielewa namba kabisa, mara nyingi huandika sifuri na sifuri. Hapo patupu pana anwani: ni baharini, katika Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana, na wachoraji ramani wamepaita kwa utani Null Island. Kisiwa hakipo. Kuna boya la kupimia hali ya hewa. Kila siku hospitali, shule, maduka na watu wa dunia nzima wanatupwa pale na mafaili yaliyoharibika. Nilifikiria kwamba ni afadhali jangwa, angalau watu wanasimama.

Halafu kuna mkato. Sisi tulisomeshwa Kifaransa: moja na nusu ni 1,5. Waliotengeneza jukwaa linalopokea majibu yetu wanaandika 1.5, na faili lao linatenga safu moja na nyingine kwa mikato. Kompyuta iliyopangwa Kifaransa, kama zote za ofisi yetu, inaona mkato umeshaajiriwa ndani ya namba, kwa hiyo yenyewe inatenga safu kwa nukta-mkato. Ukifungua faili la watu wale kwenye kompyuta ya watu hawa, nyumba nzima inasongamana kwenye safu ya kwanza: jina, bei ya bidoni, idadi ya watoto na GPS vimelala kitanda kimoja. Ukivitenga kwa nguvu, 29.23 inahesabiwa kuwa neno, si namba, na neno halijumlishiki. Namba za simu za watu zinapoteza sifuri ya mbele. Zilizoandikwa na 243 ya nchi zinakuwa ndefu mno, programu inazifupisha kuwa 2,44E+11, na ukipiga hiyo hapokei mtu. Mama aliyeandikishwa Hélène anarudi akiitwa HÃ©lÃ¨ne. Furaha, Bahati na Riziki walifika salama, kwa kuwa majina ya Kiswahili hayabebi alama juu ya kichwa.

Ilinifariji kidogo kujua kwamba hata wakubwa wameumbuka. Oktoba 2020 Uingereza ilitangaza kwamba karibu wagonjwa 16,000 wa Covid walikuwa wamekosekana kwenye hesabu, sababu faili la aina ya zamani lina mistari 65,536 tu na waliozidi walimwagika kimyakimya. Mwaka huo huo wanasayansi wa vinasaba waliamua kubadilisha majina ya jeni kadhaa za binadamu kwa kuwa jedwali la kompyuta lilikuwa likiyageuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Fikiria: ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni ya mwanadamu kuliko kuishawishi programu iache kujidai inajua.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni alama yenyewe ya GPS. Tukiwa uani kwa watu tulikuwa tunasimama na simu juu, hatusemi, hatusogei, watoto wametuzunguka wakiuliza kama tunapiga mawingu picha. Nilidhani ni ubovu wa simu. Kumbe setilaiti ziko kilomita kama 20,000 juu yetu, na kila moja inatangaza habari zake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Hamsini! Ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160 ungemaliza zaidi ya sekunde 20 njiani. Setilaiti inahitaji nusu dakika kusema yenyewe iko wapi, na dakika 12 na nusu kutoa orodha nzima ya wenzake wako wapi. Simu yenye intaneti haisubiri, inapakua habari hizo kwa njia ya mkato. Simu isiyo na mega za intaneti inabidi izisikilize kutoka angani, neno kwa neno, na bati la nyumba likiwa juu yake haisikii kitu. Maisha yangu yote nililalamikia rezo ya Goma. Sikujua kwamba kuna nyingine, ya mabilioni ya dola, iliyo nzito kuliko yetu, na kwamba meli na ndege za dunia zote zinaisubiri bila kutukana.

Neno hilo, mega, ndilo linalonikera kweli.

Programu yenyewe ni ya bure. Mzizi wa fomu hizi zote za simu ni kazi iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na nasema kwa moyo mweupe kwamba ni kazi ya watu wenye akili: mahojiano yanahifadhiwa simuni bila intaneti, kila nyumba na faili lake, picha zikiwa pembeni yake, yanasubiri siku rezo itakapopatikana. Waliofikiria hivyo walimfikiria mtu wa kwetu. Ila bure hiyo inaishia kwenye skrini. Picha za robine, na ofisi ilitaka picha ya kila robine, hata iliyokauka, zinakula mega, na mega inanunuliwa na yule anayetembea. Zikishatumwa zinakwenda kukaa kwenye kompyuta za mbali, ng'ambo. Tukitaka kuiona ramani ya kartie yetu tunaipakua tena, kwa mega nyingine. Murara tunainunua mara mbili, na mara zote mbili anayelipa ni kijana ambaye mkataba wake unaisha kabla ya ripoti kuchapishwa.

Na wenye nyumba wanajua. Mama mmoja hakunipa hata nafasi ya kumaliza salamu. "Mulishatuhesabu," akasema. "Maji iko wapi?" Walihesabiwa baada ya volkano ya Mei 2021, wakahesabiwa kwa ajili ya kipindupindu, wakahesabiwa walipopokea ndugu waliokimbia vita, kila shirika na fomu yake, kila fomu ikianza upya na swali la jina, maana majukwaa hayasomani. Nikamwambia majibu yake yatasaidia kupanga. Nilisema kwa Kifaransa kidogo katikati, sentensi ya kwenye karatasi tuliyopewa. Aliniangalia mpaka nikaomba ruhusa ya kupiga alama ya GPS na kwenda.

Mengine hayastahili wino mwingi. Simu moja betri ilikufa, ikawaka ikiamini ni Januari 1970, ikakataa kuongea na jukwaa kwa kuwa hati ya usalama ya jukwaa ilikuwa bado haijazaliwa. Nyingine ilipangiwa saa za Kinshasa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja, ilipofika upande wa mpaka ikanasa rezo ya Rwanda na kuruka mbele, na mahojiano ya robo saa yakaandikwa kuwa ya saa moja na robo. Mkubwa alimpongeza mwenzangu kwa uvumilivu. Kompyuta ya kufundishia ilikubali kuwekewa programu hadi asilimia 99, umeme ukakatika.

Ramani imesharekebishwa. Ilichukua kubadilishana majina ya safu mbili, kazi fupi kuliko kuchemsha chai, na sasa ofisi ya shefu inaonekana mahali pake, hata kona ya ukuta. Kilichobaki ni marejesho ya pesa za mega. Ofisi imekubali kutulipa, kwa sharti la risiti yenye namba ya rejista ya biashara (RCCM), namba ya kodi na muhuri. Nilimpelekea sharti hilo kijana anayetuuzia mega chini ya mwavuli. Alilisoma lote kwa heshima. Kisha akachana ukingo wa boksi la biskuti, akaandika "mega", kiasi na tarehe, akatia sahihi ndefu kuliko ya gavana, na kwa kuwa muhuri hana, akapaka kidole wino wa kalamu akakandamiza.

Mhasibu ameirudisha. Anasema kidole hakisomeki.