Inchi za Mshazari

Hivi wewe ukinunua kiwanja, muuzaji anakupimia kona kwa kona? Hapa Kharumwa, tangu tuwe makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, sijaona mtu kapima kiwanja kimshazari. Ila laptopu yangu, inchi 15.6, kumbe wamepima kutoka kona ya chini huku hadi kona ya juu kule! Nimeazima futi kwa fundi cherehani. Upana sentimita 34 na ushee. Kwenda juu, 19 na kidogo. Karatasi ya A4 ina 29.7. Sasa mkataba wa duara, yaani shimo la dhahabu, utaenea wapi?

Maana kazi yangu ndiyo hiyo. Steshenari. Barua za halmashauri, maombi ya ajira, mikataba ya maduara: mwenye eneo mifuko yake ya mawe, mwenye duara mifuko yake. Na mteja wa huku hasubiri printa. Anasimama nyuma yako, anakupumulia kisogoni, anasoma kwenye kioo.

Kioo chenyewe nukta 1366 kwa 768. Ukitoa menyu za Word juu, ukatoa ule mstari wa Windows chini, kinachobaki hata nusu ukurasa hakifiki. Mzee mmoja kaingia, kasalimia "Mwangaluka", kasoma mifuko ya mwenye eneo. Nikashusha, ya kwake ikaja, ya mwenye eneo ikapotea. "Ng'wanawane, mwanangu, umeificha wapi?" Nikapandisha. Ya kwake ikapotea. Akaita wenzake walioko nje waje washuhudie wizi.

Binti wa jirani, anasoma chuo Mwanza, ndiye kanifungua macho. Anko, achana na inchi, uliza nukta! Hiyo yako ina milioni moja na kidogo. Ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili, hata kama kioo ni inchi 14. Sasa mimi dukani Kahama si niliulizwa? "Mzee wangu, HD au Full HD?" Nikajibu yoyote inayokaa na chaji. Bandiko la HD nililiona, linang'aa kweli. Nani angejua kwamba HD tupu ndiyo hiyo hiyo 768?

Basi nikauza kubwa kwa hasara, nikaongeza hela, nikaleta ndogo ya inchi 14, Full HD. Mke wangu kaiangalia. "Umeongeza hela upate ndogo?" Wewe ungejibu nini?

Nikaiwasha. Mistari ile ile! Kumbe Windows yenyewe ilishakuza maandishi asilimia 150, bila kuniuliza. Binti akarudisha 100, na kweli karibu robo tatu ya ukurasa ikajitokeza, mwenye eneo na mwenye duara wote humo. Tatizo, nasoma mpaka pua inagusa kioo. Nikarudisha 150. Binti akacheka, akapiga hesabu mbele ya wateja: 1080 gawa kwa 1.5 ni 720. Ile ya zamani, ya bei chee, ilikuwa 768. Yaani nimeongeza hela nione pungufu! Anasema eti herufi za sasa zimenyooka, hazina chengachenga. Mteja wangu hasomi unyoofu wa herufi, mama. Anasoma mifuko.

Kwa hiyo wewe mwenye macho ya ujana, chukua 14 ya Full HD, hata kuibeba kwenye bodaboda ni rahisi. Sisi wengine tuko kwenye asilimia 125, sawa na nukta 864 kwenda juu, na miwani ya mnadani. Hapo naona. Ila wateja nao wameshagundua wanaona vizuri zaidi wakiivaa wao. Sasa hivi kuna mmoja yuko nayo, anahesabu mifuko yake taratibu, na mimi nachapa kwa kupapasa.