Asta na Mtani

Mdogo wangu anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Arusha alinitumia pakiti ya mbegu za asta na agizo moja: "Kaka, usizizike." Pakiti nayo ilikuwa na lake: panda baada ya sakitu ya mwisho. Sakitu! Tabora mwezi wa Oktoba mtu hujibanza kwenye kivuli cha nguzo ya umeme.

Asta hii kwao ni China. Mbegu zake zilifika Paris karne ya 18, na naona huko ndiko ilikojifunza kudeka. Haitaki udongo mwingi juu yake, haitaki maji yatuame, na mbegu zikikaa kabatini mwaka mmoja au miwili, nyingi hazioti tena. Halafu tazama miembe ya huku. Ile mikongwe iliyopo kuanzia Kwihara, hapa Tabora, hadi Ujiji, wazee wanasema mingi iliota kutokana na kokwa za misafara. Mpagazi ana pembe ya ndovu begani, amekula embe, ametupa kokwa bila hata kugeuka, na leo wajukuu wanagombania kivuli. Mimi nilichekecha mchanga, nikachanganya udongo wa kichuguu na samadi iliyooza, nikajaza sanduku la mbao, nikawa nanyunyiza maji kwa vidole.

"Mtani!" Jirani yangu aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Mboga gani hiyo unayoibariki?"

"Ni maua, mama."

"Maua! Mzaramo ana njaa, anapanda maua."

Yeye ni Mnyamwezi, na utani wetu umerithiwa. Babu zake walishusha mizigo Bagamoyo, wakapita Uzaramo wakizomewa na babu zangu, nao wakazomea vilevile, hadi ikawa undugu. Ndiyo maana sikuweza kumjibu lolote la maana.

Ikaanza kazi ya kungoja. Mwaka 1872 msafiri Livingstone alikaa Kwihara miezi mitano akingoja wapagazi ambao mwenzake Stanley angemtumia kutoka pwani. Mimi sikungoja kiasi hicho, lakini yeye hakuwa na jirani wa kumuuliza kila asubuhi kama wapagazi wameota.

Cha kwanza kuota kilikuwa kishona nguo. Kumbe ni ukoo mmoja na asta, na alizeti pia yumo, kwa hiyo huenda alikuja kuwapokea wageni. Asta wenyewe walipochomoza, vijani viwili viwili, nikataka kulihamishia sanduku barazani. Nikainua. Mbao za pembeni zikaja, udongo ukabaki chini: mchwa walishakula kitako chote. Miche iliyosalimika nikaipanda bustanini mvua za Novemba zilipoanza, na kuku wa mtani wakaja kuikagua mmoja mmoja.

"Kuku wa Unyanyembe hao," alisema nilipolalamika. "Babu zao walitembea hadi pwani bila kuulizwa kitambulisho."

Asta wengine walinyauka ghafla, shina likiwa jeusi chini. Huo ni ukungu wa kwenye udongo, hauna dawa ya jikoni; wewe unang'oa mche na mwaka unaofuata unapanda kwingine. Lakini Februari waliobaki wakachanua: zambarau, waridi, weupe, petali nyembamba zimesongamana kama abiria wa daladala. Wapita njia wakasimama. Nikaanza kukaa barazani bila sababu.

Jumamosi moja natoka sokoni, nakuta vikonyo vitupu.

"Yako kanisani," mtani alisema, hata sijauliza. "Binti wa dada yangu anaolewa."

Mtani akichukua chako huna kesi. Ukinuna unatozwa na faini. Nilimwambia tu kwamba angalau angebisha hodi.

"Nilikusudia kuyaweka kwenye kaburi lako," alisema kwa huruma kabisa. "Lakini naona unachelewa, mtani, na maua hayangoji."