Macho ya Mama wa Ukutani

Nyumba ya baba mkwe iko Muleba, kando kabisa ya barabara iendayo Bukoba. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliupasua ukuta wa mbele. Ufa ulizibwa kwa plasta, hela ya rangi ikakosekana. Kwa hiyo vijana wa kampuni moja ya sabuni walipofika na ngazi na ndoo zao, wakasema watapaka ukuta mzima bure, mzee alikubali kabla salamu hazijaisha. Na salamu za Kihaya si fupi.

Wakachora mama mnene anayetabasamu, povu tele na shati jeupe kupita kiasi. Mama mkwe alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta.

"Hilo mmelitia buluu," akamwambia fundi.

Fundi akacheka, akakubali: tone moja tu ndani ya rangi nyeupe, kisha njano pembeni ili weupe ujitokeze. Mama amezisuuza kanzu za mumewe kwa maji ya buluu tangu ujana, humdanganyi kwa shati. Povu nalo alilibeza. Povu jingi si lazima litakatishe nguo.

Kilichompita ni macho. Yule mama wa ukutani alikuwa anaitazama sabuni, na ukimwona mtu anatazama kitu, nawe shingo inageuka yenyewe. Ndiyo hila yao. Sasa sabuni ilichorwa ubavuni mwa dirisha la baba mkwe, pale anapokaa jioni na kibuyu chake cha rubisi. Abiria wa Hiace, bodaboda, wanakwaya, kila apitaye macho dirishani.

"Waitu, hawa watu wananidai?" mzee akauliza.

Mama mkwe akataka orodha ya wanaomdai. Siku hiyo chakula kililiwa kimyakimya.

Mjukuu wa kidato cha tatu akapanda stuli na rangi nyeusi iliyobaki, akazihamishia mboni katikati. Ikawa balaa jipya, maana macho ya picha yakielekezwa mbele hukufuata popote uendapo. Waingereza walimchora hivyo Lord Kitchener mwaka 1914, kuwaita vijana jeshini. Huku kwetu aliyeandamwa ni mama mkwe, ambaye sasa hawezi kuanika kahawa bila kusimamiwa. Akawa anaianika akiwa ameupa ukuta mgongo.

Mjukuu akapanda tena. Safari hii mboni zikasukumwa kona ya pili, mbali na dirisha na mbali na sabuni. Upande huo, ng'ambo ya barabara, kuna duka la jirani linalouza sabuni ya kampuni nyingine. Jirani akatuletea mkungu wa ndizi, sababu hakuitaja.

Juzi wakala wa kampuni alikuja kukagua ukuta wake. Alisimama barabarani akautazama, akageuza shingo, kisha akavuka kwenda kununua soda kwa jirani.