Kikebe cha Kunasa Oili

Katika vyote ambavyo mwenye gari wa mtaa wetu wa Naviundu hufunga bila kulazimishwa na polisi wa barabarani, kikebe cha kunasa oili ndicho chenye utetezi mzuri kuliko vingine. Honi ya sauti tatu haina la kujitetea, na taa za buluu chini ya milango ndiyo kabisa. Kikebe kina sayansi, tena ya kweli, na hapo ndipo pesa ya mtu inapopotelea. Kila moteri, hata mpya, huvuja ndani kwa ndani: mlipuko unaposukuma pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi ikashuka kwenye karteri, ikachanganyika na mvuke wa oili. Zamani bomba liliitoa gesi hiyo chini ya gari na kuacha mstari mweusi katikati ya barabara. Mwaka 1961 magari mapya ya California yakaanza kufungwa valvu ya kuirudisha kwenye njia ya hewa, moteri iimeze na kuiunguza upya. Kikebe hukaa katikati ya safari hiyo: gesi inapita, oili inabaki chini.

Kwamba kinanasa, sibishi. Ninachobisha ni kuuziwa kila mtu, maana oili hiyo haidhuru kila moteri. Dhara lake kubwa ni kuganda nyuma ya valvu za kuingizia hewa hadi kuwa masizi magumu. Sasa fungua boneti ya ist au Vitz, magari yanayoingia kwa wingi kupitia mpaka wa Kasumbalesa huku usukani ukiwa bado upande wa kulia. Sindano zake humwaga esansi kabla ya valvu, na esansi ni sabuni: kila mzunguko valvu inaoshwa. Kuifungia ist kikebe ni kumwajiri mfuaji kwenye nyumba yenye nguo zilizokwisha kufuliwa. Kesi hubadilika moteri inapomwaga esansi moja kwa moja ndani ya silinda, kama Mitsubishi ilivyofanya na GDI yake mwaka 1996 na Toyota ikafuata na D-4. Hapo valvu haiguswi na esansi maisha yake yote. RAV4 nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina moteri hiyo, na huna haja ya makanika kukuambia: soma mfuniko wa moteri, D-4 imeandikwa.

Watu wa mazutu wana haki zaidi, nami nawapa bila kinyongo. Prado yenye moteri ya 1KD-FTV ina turbo, na ina valvu ya kurudisha moshi kwenye hewa inayoingia. Moshi una masizi, mvuke una oili. Vikikutana kwenye njia ya hewa hutokea kitu ambacho kingefaa kuziba mashimo ya barabara. Ukitoa oili, masizi hubaki makavu na mengi hupita. Lakini jirani mwenye Land Cruiser ya kizamani yenye 1HZ, isiyo na turbo, akija na kikebe cha alumini mkononi, mwambie arudishe dukani upesi, risiti ikiwa bado inasomeka.

Atanijibu kwa ushahidi wa macho: fulani alifunga, na baada ya mwezi alikuta nusu kikombe cha uji wa rangi ya kahawa ya maziwa. Uji huo ni nini? Ni oili iliyochanganyika na maji na esansi kidogo, na maji hayo hupatikana zaidi asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari linapokwenda sokoni na kurudi kabla moteri haijapata moto sawasawa. Uji kidogo ni kawaida. Oili tupu nyingi ni habari nyingine: ringi zimelika. Na Naviundu kinachokula ringi kinajulikana, kuanzia Mei hadi Septemba kinatua hadi kwenye mboga. Vumbi jekundu likipata filita ya hewa iliyopasuka, au mpira usiokazwa, hushuka na hewa hadi kwenye silinda na kusaga ukuta wake. Kuna wanaopuliza filita ileile kwa kompresa mwaka wa tatu huu, kisha wananunua kikebe ili kulinda moteri.

“Kinga ni bora kuliko tiba,” watasema. Sawa, lakini kinga hii ina kazi yake: lazima imwagwe. Kikebe kilichosahauliwa hujaa, na kikijaa, moteri hunywa kilichomo. Kwa esansi utaona moshi wa buluu na aibu barabarani. Kwa mazutu ni hatari, kwa sababu moteri hiyo huweza kuendeshwa na oili yenyewe: ufunguo uko mfukoni mwako, na moteri inazidi kupandisha kelele. Wala usiirudishie moteri uji ule kwa kubana matumizi, wala usiumwage mtoni Naviundu. Uingie kwenye bidoni la oili chafu la garaji.

Wengine huleta hoja ya magari ya mashindano. Kweli, sheria za mashindano hudai tangi la kunasa oili, lakini shabaha yake ni isidondoke njiani dereva wa nyuma akateleza. Huku kwetu dereva wa nyuma ana mashimo ya kumshughulisha.

Anabaki yule anayekipenda kwa sababu kinang'aa na kinapendeza boneti ikifunguliwa mbele ya mashemeji. Huyo simpingi, kwa kuwa hajadai sayansi. Achague chenye wavu au vizuizi ndani, kwani chupa tupu yenye matundu mawili hupitisha mvuke kama ulivyokuja, na akifunge mahali mkono unapofika bila kung'oa betri.