Matembele ya Jirani

Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, akatazama maji yale yote, akatangaza kwamba amegundua ziwa. Habari za ziwa alipewa Tabora na wafanyabiashara Waarabu. Wasukuma walikuwa wakivua humo tangu enzi za babu zao, na jina lake, Nyanza, walikuwa nalo. Yeye akaliita Victoria, kwa heshima ya malkia ambaye hakuwahi kuchovya humo hata kidole cha mguu. Mwenzake Burton, aliyebaki Tabora akiugua, alipinga dai la Speke kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile. Ubishi wao ukafika hadi London. Wasukuma waliendelea kuvua.

Speke huyu nilimcheka miaka mingi, mpaka bili yetu ya maji ilipoanza kupanda.

Niliwahutubia watoto kuhusu kuoga. Nikasimamia ufuaji wa nguo kama mnyapara. Mwisho nikapiga marufuku neno "maji" mezani, maana kila likitajwa presha inapanda. Faraja yangu ilikuwa matembele ya jirani anayelima nyuma ya ukuta wetu. Kiangazi kilikausha mtaa mzima, ila matuta yake yalikuwa kijani kibichi.

"Jirani, una mkono wa baraka," nilimwambia.

"Ni Mungu tu, baba," akajibu, akiniongezea kishada.

Kisha jioni moja kandambili yangu ikazama kwenye tope pale nyuma. Nikafukua. Bomba letu lilikuwa limepasuka, na maji yakienda taratibu kwenye matuta kwa kamfereji kalikochimbwa kwa ustadi mkubwa. Nikakimbilia ndani nikipiga kelele: "Nimegundua!"

"Pale panapovuja?" mke wangu akauliza, bila kuacha kukuna nazi.

Kumbe watoto walikuwa wakielesha boti zao za karatasi pale. Vijana wa bodaboda walikuwa wakioshea pikipiki hapo. Hata fundi bomba alipofika hakuuliza ni wapi. Alipita moja kwa moja na mfuko wake wa spana.

"Mbona hamkuniambia?"

"Si ulisema neno maji lisitajwe humu ndani?"

Bomba likazibwa. Haukupita muda jirani akabisha hodi, akaketi, akasalimia kwa urefu, akauliza afya ya kila mtu. Ndipo akasema, "Baba, nimekuja kwa wema. Matembele yananyauka, na nyie ndio wateja wangu wakubwa. Mnanisaidiaje?"