Gia 21, dole gumba moja

Dole gumba langu la kulia limevimba, na kabla hujanihurumia nakuomba ujue limevimba kwa sababu ya baiskeli. Niliinunua mtumba. Ina gia 21: tatu mbele, saba nyuma, zikizidishana. Muuzaji alinihesabia kama mtu anayerudisha chenji, ila hakunidokeza kwamba kutoka ya tatu kwenda ya nne kunataka mkono uliozoea kukuna nazi za harusi.

Eti ni baiskeli ya mlimani. Mimi naishi Ngamiani, Tanga, na mlima mrefu kuliko yote ninaoupanda ni tuta la barabarani. Milima iko Lushoto, nayo haijawahi kuniita. Jirani yangu ana Phoenix isiyo na gia hata moja, na kila asubuhi ananipita akiwa na magunia mawili ya mkaa: "Shikamoo mzee, mashine imegoma tena?"

Jumamosi nikaamua kuitengeneza mwenyewe. Si ubahili, hata kama ndivyo Mama Zuhura alivyowasimulia dada zake. Ni kwamba fundi wa pale chini ya mwarobaini ana dawa moja kwa maradhi yote: "Hii ya kubadilisha, mzee." Hata kengele isiyolia ni ya kubadilisha.

Kilainishi kilichokuwepo nyumbani ni mafuta ya nazi. Nikayamimina kwenye kikono cha gia, nikayamimina na ndani ya kava la waya. Loh! Mchana ule gia ziliingia kama kijiko kwenye uji. Nikazunguka mtaa mara tatu nikibadilisha bila sababu yoyote, ta, ta, ta, ili watu wasikie.

Kesho yake alfajiri, ngumu kuliko jana. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, na kila mwenye chupa ya mafuta ya nazi anajua yanavyoamka Julai: meupe, magumu, unayachokonoa kwa kijiti. Joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yanaganda. Nilikuwa nimejaza mshumaa kwenye gia. Na sisimizi walishafika, mstari mmoja kutoka ukutani hadi kwenye usukani.

Ndipo nikafanya nililopaswa kuanza nalo. Nikalegeza kibolti cha nyuma kinachobana waya, nikaushika waya kwa mkono na kuuvuta. Ukivutika vizuri, ubaya uko kwenye kikono, grisi yake ya zamani imekauka. Ukikataa, ubaya uko njiani. Wangu ulikataa kama mbuzi anayeburutwa machinjioni. Ulikuwa umeota kutu kwenye kona ya mwisho, karibu na gurudumu la nyuma, pale kava linapopinda na maji ya mvua yakapata pa kulala.

Duka la kwanza waliniuzia kava la breki. Yanafanana kama pacha, lakini la breki limesokotwa kwa chuma kinachozunguka kama springi, nalo ukilibana linabonyea. La gia lina nyaya zilizolala kwa urefu, halibonyei. Meno ya nyuma yamepishana milimita chache tu. Kava likibonyea kidogo, cheni haijui ikae wapi. Nikarudi dukani, tukabishana, nikapewa la gia. Nililikata kwa koleo, ncha ikajifumba kama mdomo wa mtu anayedaiwa. Nikaifumbua kwa msumari. Nikatia waya mpya na tone la mafuta ya cherehani ya Mama Zuhura, kwa ruhusa niliyoiomba baadaye. Nikakaza kibolti, nikazungusha kirekebishio nusu raundi, kisha nusu nyingine, cheni ikaacha kunung'unika.

Sasa zote 21 zinaingia kwa kidole cha mtoto. Natumia moja tu, maana hapa hakuna pa kupanda. Jirani bado ananipita.